Baba wa Ndama ni Nani?

Maziwa huingia Wandegeya kungali giza. Bodaboda zinateremka barabara ya Bombo kutoka Kawempe na Bwaise, kila moja imefungiwa madebe mawili matatu ya alumini nyuma ya dereva, na ifikapo saa kumi na mbili na nusu wauza chapati wameshawasha makaa na chai ya maziwa inafoka. Wanafunzi wa Makerere wanakunywa wamesimama, kisha wanakimbilia geti la chuo. Wenyeji husema jina la mtaa huu limetokana na endegeya, ndege ambaye Waswahili humwita mnana, aliyekuwa akisuka viota vyake hapa enzi za kinamasi. Leo hakuna kiota. Kuna maduka, taksi, na kiu ya maziwa isiyokatika.

Jumamosi moja nilikuwa nimesimama kwenye duka la maziwa, nikisubiri nusu lita yangu imiminwe kwenye mfuko wa plastiki, alipoingia mzee mmoja kutoka vijiji vya Wakiso. Debe lake halikujaa. Mama muuzaji akalitikisa, akasikiliza, akamuuliza, "Ssebo, leo kulikoni?" Mzee akaeleza kwamba ng'ombe wake mmoja amekauka, na mtamba aliyemtegemea kushika nafasi yake amerudia joto mara ya tatu. "Yule wa mbegu ananila hela," akasema. "Kila akija nalipa, na mtamba hashiki."

Nikamuuliza mbegu zenyewe ni za dume gani.

"Friesian," akajibu.

Hilo ni jina la kabila zima la ng'ombe. Ni kama mtu kuulizwa baba yake ni nani akajibu, "Mwanamume." Simlaumu mzee. Wafugaji wengi ninaowajua, Uganda, Kenya na Tanzania, wangejibu hivyo hivyo, na kwetu nyumbani tulijibu hivyo kwa miaka. Mama alikuwa na mtamba mwekundu tuliyemwita Gaaju. Alizalishwa kwa mbegu za kununua, na mhimilishaji alipoondoka hakuacha hata kipande cha karatasi. Gaaju alipokua, akapandishwa kwa mbegu nyingine zisizo na jina kutoka kwa mtu yule yule. Ndama wa kwanza alizaliwa mfu. Wa pili alihara tangu wiki ya pili, tukampa kila dawa iliyouzwa dukani, akafa akiwa mifupa mitupu. Jirani mmoja akasema ni jicho la mtu. Mpaka leo sijui chanzo kilikuwa nini, na sitajua kamwe, kwa sababu hakuna aliyeandika baba wa Gaaju ni nani wala baba wa ndama wake ni nani. Yawezekana alikuwa dume mmoja.

Hapa ndipo panaponiuma. Tunapima lita. Tunapima bei ya pumba. Lakini ndama asiyezaliwa hatumhesabu, na mtamba asiyeshika mimba tunampeleka buchani tukidhani ni mkosi, ilhali sehemu ya mambo hayo iliamuliwa siku ile mhimilishaji alipofungua mtungi wa naitrojeni na kuchomoa mrija wa mbegu.

Tuanze na dume mmoja, ambaye damu yake huenda iko ndani ya chai unayokunywa. Aliitwa Pawnee Farm Arlinda Chief, akazaliwa Marekani mwaka 1962. Binti zake walitoa maziwa kuliko wenzao, na kwa kuwa mbegu hugandishwa na kusafirishwa, alizaa kupita kiasi: mabinti 16,000, wajukuu wa kike 500,000, na vitukuu wa kike zaidi ya milioni 2. Karibu asilimia 14 ya vinasaba vya Holstein wa Marekani vimetokana na yeye. Na mbegu nyingi za Friesian zinazouzwa duniani siku hizi, pamoja na zinazotufikia huku, zina damu hiyo ya Holstein wa Amerika Kaskazini.

Chief alibeba kasoro. Kila ng'ombe ana nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Nakala moja ikiharibika, nyingine hufanya kazi, na mnyama anaishi bila dalili yoyote. Ndivyo alivyokuwa Chief: mzima, mwenye nguvu, huku nakala yake moja ya jeni iitwayo APAF1 imekatika. Shida inakuja anapokutana mjukuu na mjukuu. Dume aliyebeba kasoro akimpanda mtamba aliyebeba kasoro ile ile, mimba moja katika kila nne inapata nakala mbili mbovu, na hiyo haifiki mwisho. Inafia tumboni. Mfugaji haoni maiti wala damu. Anachoona ni mtamba aliyedhani ana mimba akianza tena kupanda wenzake, naye anasema yule wa mbegu ananila hela.

Namna kasoro hii ilivyogunduliwa inanivutia kuliko ugunduzi wenyewe. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Paul VanRaden walipitia vinasaba vya maelfu ya ng'ombe walio hai, wakawatafuta wale ambao hawapo. Kwa hesabu ya kawaida, kipande fulani cha vinasaba kikiwa kimeenea kwenye kundi, lazima wapatikane wanyama waliokirithi pande zote mbili. Wakakuta vipande vilivyoenea sana, lakini hakuna hata mnyama mmoja mwenye viwili. Maana yake ni moja: waliorithi viwili walikufa kabla ya kuhesabiwa. Hiki cha Chief kikapewa jina HH1. Utafiti uliotoka mwaka 2016 ulikadiria kwamba katika miaka 35 kimeharibu mimba 525,000 duniani, hasara ya dola milioni 420. Haki itendeke kwa Chief pia: faida ya maziwa aliyowarithisha mabinti zake ilikadiriwa kuwa dola bilioni 30. Hakuna aliyekosea kumtumia. Kosa ni kuendelea kukutanisha damu yake gizani wakati taa imeshawashwa.

Wapo wengine. Dume Osborndale Ivanhoe alieneza kasoro ya BLAD, ambapo askari wa damu, zile chembe nyeupe, hushindwa kutoka kwenye mishipa kwenda kupigana na vijidudu. Ndama anazaliwa mzuri, kisha anaugua kila kitu: mapafu, midomo, tumbo. Kasoro hiyo ilipotambuliwa mwaka 1992, madume 14 katika kila 100 ya uhimilishaji yaliyopimwa Marekani yalikuwa yameibeba. Carlin-M Ivanhoe Bell akaeneza CVM, ambayo hupinda uti wa mgongo wa ndama na kumuua tumboni au siku ya kuzaliwa. Na mwaka 2015 Wajerumani waliripoti kasoro iliyotokana na Maughlin Storm, dume wa Kanada aliyezaliwa mwaka 1991: ndama hawezi kufyonza mafuta ya maziwa, anahara, anakonda, anakufa mara nyingi kabla ya miezi sita. Nilipoyasoma maelezo hayo kwa mara ya kwanza niliweka karatasi chini. Nilimwona ndama wa Gaaju. Tena nasema, sijui kama ndiyo yaliyompata. Kuhara kwa ndama kuna sababu mia.

Jambo la kutia moyo ni kwamba haya yote hupimwa, na majibu yake yamechapishwa. Katika orodha za madume ya Holstein, baada ya jina la dume hufuata herufi ndogo ambazo wengi huziruka macho. TL maana yake dume amepimwa na hana BLAD. BL maana yake amebeba. TV hana CVM, CV amebeba. Dume aliyebeba hana haja ya kutupwa, akiwa na sifa nyingine nzuri. Kinachotakiwa ni asikutanishwe na mtamba wa ukoo ule ule. Na hapo tunarudi pale pale: huwezi kuepuka ukoo usioujua.

Vijijini kuna sura nyingine ya jambo hili, bila Marekani wala Kanada. Dume mmoja wa kijiji, kwa kuwa ni mkubwa na anayemfuga ni mkarimu, anapanda ng'ombe wote wa bonde. Baada ya miaka mitatu anapanda binti zake. Baada ya mitano, wajukuu. Kila kasoro iliyojificha ndani yake inapata nafasi ya kukutana na pacha wake. Wafugaji wa zamani walijua kubadilishana madume, tena na watu wa mbali. Siku hizi zizi ni dogo, dume ni wa jirani, na mitamba wanadumaa bila mtu kuuliza kwa nini.

Nisije nikamfanya msomaji aamini kwamba kila kifo cha ndama ni cha kurithi. Ukichukua ng'ombe elfu na kulinganisha tofauti zao za maziwa, karibu theluthi ya tofauti hizo inatokana na vinasaba. Ukilinganisha tofauti zao za kushika mimba, au za ndama wao kupona, sehemu ya vinasaba kwa kawaida haifiki asilimia 5. Iliyobaki ni malezi. Ndama huzaliwa bila kinga mwilini, kwa sababu kondo la ng'ombe halipitishi kinga ya mama. Asipopata dang'a ya kutosha ndani ya saa chache za mwanzo, hakuna damu ya ukoo bora itakayomwokoa. Na mtamba hapevuki kwa kalenda. Anapevuka kwa uzito, na hafai kupandishwa mpaka afikie kama asilimia 60 ya uzito wa ng'ombe mkubwa wa aina yake. Mtamba aliyelishwa migomba mikavu miaka mitatu akikataa kushika mimba, mlaumu mlishaji kwanza.

Lakini asilimia hiyo ndogo imedanganya wengi. Kwa miongo mingi nchi kubwa za maziwa zilisema uzazi haurithiki vya kutosha, zikachagua lita peke yake, na uwezo wa Holstein kushika mimba ukashuka mwaka hadi mwaka. Norwe walishika njia nyingine. Tangu miaka ya 1970 waliandika kila mimba, kila ugonjwa na kila kifo, wakachagua madume kwa hesabu za maelfu ya mabinti, na ng'ombe wao mwekundu akabaki mzazi mzuri huku maziwa yakiongezeka. Marekani waliingiza uzazi wa mabinti kwenye tathmini ya madume mwaka 2003. Kitu kinachorithiwa kidogo kinahitaji daftari nene, basi.

Huku kwetu kuna mtihani ambao Ulaya hawana: kupe wa ndigana kali. Ugonjwa huo, ambao Waganda huuita amakebe, huua ndama kuliko ugonjwa mwingine tunaoujua vizuri. Kuanzia mwaka 2007 watafiti walifuata ndama 548 wa kienyeji huko magharibi mwa Kenya, upande wa Busia, tangu kuzaliwa hadi kutimiza mwaka. Walikufa 88, na karibu vifo vinne katika kila kumi vilitokana na ndigana kali. Walipopima vinasaba vya ndama hao, majibu yaliyotoka mwaka 2013 yalionyesha mambo mawili ninayotaka mfugaji wa Wakiso ayasikie. Ndama waliokuwa na chembe za damu ya Ulaya waliugua zaidi. Na wale ambao nakala zao za baba na mama zilifanana mno, yaani waliozaliwa na ndugu kwa ndugu, nao waliugua zaidi.

Kisha ikaja habari njema. Mwaka 2022 watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, Nairobi, wakishirikiana na Taasisi ya Roslin ya Scotland, walitangaza kwamba kwenye ukoo mmoja wa ng'ombe wa Boran wamepata badiliko katika jeni iitwayo FAF1B linalowasaidia ndama kustahimili ndigana kali. Waliorithi nakala mbili walinusurika karibu wote. Habari hii ina uzito wa pekee Uganda, kwa sababu mwaka 2016 watafiti wa Makerere, kutoka chuo hicho hicho kilichopakana na Wandegeya, walionyesha kwamba kupe wa nchi hii wameanza kuzoea dawa za kuogeshea, tena aina kadhaa kwa pamoja. Dawa ikishindwa joshoni, kinga iliyo ndani ya damu inakuwa mali.

Ndiyo maana sina haraka ya kushangilia kila tangazo la Friesian halisi. Sensa ya mifugo ya mwaka 2008 ilihesabu ng'ombe milioni 11.4 Uganda, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wa kienyeji. Mwaka 2013 Esau Galukande na wenzake walikusanya tafiti za nchi za joto, wakaona kwamba chotara wa nusu kwa nusu hutoa maziwa zaidi ya mara mbili ya ng'ombe wa kienyeji, iwe nyanda za juu au kwenye ukame. Chotara wa kwanza ni mnyama wa ajabu: anashika mimba mapema, anastahimili, anajaza debe. Mfugaji anafurahi, anampandisha tena kwa Friesian, na tena, akidhani kila hatua ni kupanda ngazi. Kizazi cha tatu kinahitaji chakula, dawa na kivuli ambavyo banda la nyuma ya nyumba halina. Maziwa hayaongezeki kama alivyotumaini, na ndama wanaanza kufa. Wafugaji wa Kiruhura na Mbarara wengi wameamua kutunza makundi mawili, la Ankole wa pembe ndefu na la chotara, na mimi naona wana akili.

Vipimo vya vinasaba vilivyofanywa kwenye mabanda ya Kenya na Uganda vilifichua tena kwamba mfugaji akitaja ng'ombe wake ana damu kiasi gani ya kisasa, mara nyingi anakosea sana. Anakisia kwa rangi. Madoa meusi na meupe hayasomi ukoo.

Uganda inaijua thamani ya mtamba mmoja. Mwaka 1988, nchi ikiinuka kutoka vitani, wakulima wa Uingereza walianza kuleta mitamba wenye mimba kwa ndege kupitia shirika la Send a Cow, mpaka ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe uliposimamisha safari hizo mwaka 1996. Sharti lilikuwa moja: ndama jike wa kwanza apewe jirani, naye jirani afanye vivyo hivyo. Heifer International nao walikuwa na desturi hiyo. Fikiria mnyororo ule. Ndama mmoja akifia tumboni, familia ya pili haipati ng'ombe, na ya tatu haipati, na hakuna atakayejua mnyororo ulikatikia wapi.

Sheria ipo. Tangu Sheria ya Uzalishaji wa Wanyama ya mwaka 2001, Uganda ina kituo chake cha taifa cha vinasaba vya mifugo, NAGRC&DB, pale Entebbe, na jina lake lina maneno "hifadhi ya takwimu". Takwimu hizo haziwezi kutoka hewani. Mradi wa ILRI wa kuboresha ng'ombe wa maziwa, uitwao ADGG, ulioanzia Tanzania na Ethiopia, umeonyesha kwamba mfugaji wa ng'ombe wawili anaweza kuingiza kumbukumbu zake kwa simu na hesabu zikatumika kuchagua madume yanayoifaa nchi yake. Ninaiomba Entebbe, na wizara, na vyama vya wahimilishaji, vifanye jambo moja la gharama ndogo: pasiwe na mbegu inayoingizwa kwa ng'ombe bila kadi inayobaki kwa mwenye ng'ombe, yenye jina la dume, namba yake na tarehe.

Nilimweleza mzee wa Wakiso sehemu ya haya pale dukani, mama akimimina maziwa yake kwenye pipa la baridi. Nilimshauri kwanza amwite daktari ampime mtamba, kwa kuwa kurudia joto mara tatu kunaweza kuwa na sababu nyingi, hata maambukizi, hata kuchelewa kumwita mhimilishaji. Nikamuuliza pia kama mtamba huyo alizaliwa pacha na dume, maana mitamba wa namna hiyo, tisa katika kila kumi, ni tasa tangu tumboni, na watu huwalisha miaka bure. Akasema hapana, alizaliwa peke yake. Akanyamaza, kisha akauliza, "Jina la dume nitalipata wapi?"

Liko kwenye mrija. Ni kipande cha plastiki chembamba, urefu wa sentimita 13 hivi, na ubavuni kimechapishwa kwa herufi ndogo jina la dume, namba yake ya usajili na kituo alikotoka. Mhimilishaji akimaliza kazi hukitupa kwenye majani. Wewe unayefuga, ukimwita wiki hii, mwombe mrija huo kabla hajavua glavu. Ufunge kwa uzi kwenye daftari, kando yake andika jina la ng'ombe na tarehe, na ndama akizaliwa, akifa au akipona, andika hilo pia.